Jiwe Gizani: Historia ya Vigogo Wanaoshtaki Habari Isiyowataja

Stori huwa zinafanana. Ukurasa wa habari mtandaoni unaposti kwamba kuna kigogo mmoja, jina kapuni, anahusishwa na zabuni isiyoeleweka. Hakuna picha, hakuna wizara, hakuna jimbo. Kwenye magrupu watu wanabishana, kila mmoja ana mtu wake kichwani. Kesho yake mheshimiwa mmoja anaita waandishi wa habari, barua ya mwanasheria mkononi: chapisho lifutwe ndani ya saa 24, aombwe radhi hadharani, na alipwe mabilioni kwa kuchafuliwa jina. Mtaa mzima unaangaliana. Heee, kumbe ni yeye?

Waswahili walishalimaliza hili zamani. Ukirusha jiwe gizani ukasikia mtu analia "yalaa!", ujue limempata.

Utani ni mtamu, lakini ukurasa wenye vijana watatu, kompyuta mbili na bando la kuunga-unga ukipokea barua kama ile haucheki. Unafuta. Unafuta hata kama habari ni ya kweli na nyaraka zipo, kwa sababu wakili hana bei ya mtaani na kesi inaweza kula miaka. Hapo mheshimiwa ameshinda bila kukanyaga mahakamani.

Mchezo huu ni mkongwe kuliko intaneti, kuliko redio, kuliko hata umeme. Historia yake ina somo moja linalojirudia: kinachoumiza vyombo vya habari mara nyingi ni ule mkwara, kabla hakimu hajasema neno. Na kila mahali ambako mkwara umepunguzwa makali, kuna mtu aliyekataa kufuta jambo la kweli, akalipa gharama yake.

New York, 1735: fundi wa kuchapa na gavana mwenye hasira

New York ilikuwa bado koloni la Uingereza. Gavana alikuwa mtu wa kupenda mabavu. Alimwondoa jaji mkuu aliyempinga na kuweka mtu wake. Wapinzani wake wakaanzisha gazeti, New York Weekly Journal, na kazi ya kulichapa akapewa mhamiaji kutoka Ujerumani, John Peter Zenger. Makala nyingi hazikuwa na jina la mwandishi. Vijembe vilikuwa vya mafumbo, vile vya kusema bila kusema, na mji mzima ulijua anayesemwa ni nani.

Gavana aliagiza baadhi ya matoleo yachomwe moto hadharani. Novemba 1734 Zenger akakamatwa. Dhamana ikawekwa juu kiasi kwamba asingeweza kuilipa, akakaa ndani zaidi ya miezi 8. Mkewe, Anna, akaendelea kulitoa gazeti. Mawakili wake wawili wa kwanza walipohoji uhalali wa majaji, wakafutiwa ruhusa ya kufanya kazi mahakamani.

Kilichofuata Agosti 1735 kinasimuliwa mpaka leo. Wakili mzee kutoka Philadelphia, Andrew Hamilton, alisimama akakiri kwamba ndiyo, mteja wake alichapa yale maneno. Hakukana. Akaliomba baraza la wazee wa mahakama lijiulize swali moja tu: je, yaliyochapwa ni uongo? Sheria ya wakati ule haikutaka kusikia swali hilo. Kwa sheria ile, kumsema mtawala vibaya kulikuwa kosa hata kama umesema kweli, na ukweli ulihesabiwa kuwa unazidisha kosa, maana kweli ndiyo inayowachemsha wananchi.

Baraza lilitoka, likarudi baada ya muda mfupi tu: hana hatia. Sheria haikubadilika siku ile, lakini wazo lilikuwa limeshatoka chupani. Mtu aliyesema kweli kuhusu mwenye madaraka ana cha kujitetea nacho.

Montgomery, 1960: kamishna ambaye hakutajwa

Kama kuna kesi moja ambayo kila mwenye ukurasa wa habari anapaswa kuijua, ni hii.

Tarehe 29 Machi 1960 gazeti la New York Times lilichapa tangazo la kulipiwa la ukurasa mzima. Waliolilipia walikuwa wanachangisha pesa za kumtetea Martin Luther King na kuunga mkono harakati za watu weusi kusini mwa Marekani. Tangazo lilieleza jinsi wanafunzi na viongozi wa harakati walivyokuwa wakisumbuliwa, ikiwemo na polisi wa Montgomery, Alabama.

Kulikuwa na makosa, na hilo lazima lisemwe. Tangazo lilisema wanafunzi waliimba wimbo fulani wa kizalendo, kumbe waliimba wimbo wa taifa. Lilisema King amekamatwa mara 7, kumbe ni mara 4. Lilisema polisi waliuzunguka uwanja wa chuo. Polisi walikuwepo kwa wingi karibu na chuo, ila hawakukizunguka.

Kamishna wa mji aliyesimamia polisi, L. B. Sullivan, akafungua kesi. Jina lake halikuwepo kwenye tangazo. Cheo chake hakikuwepo. Hoja yake ilikuwa kwamba ukisema "polisi" umemsema yeye. Mashahidi wakaja kueleza kwamba waliposoma walimfikiria yeye, ingawa hakuna hata mmoja aliyesema kwamba aliyaamini yaliyoandikwa. Katika kaunti nzima ya Montgomery zilikuwa zimefika takriban nakala 35 za gazeti lile. Mahakama ya Alabama ikampa dola 500,000, kila senti aliyoomba.

Hakuishia kwa gazeti. Alishtaki pia wachungaji wanne weusi wa Alabama ambao majina yao yaliwekwa chini ya tangazo bila wao kuulizwa. Magari yao yakakamatwa kufidia hukumu wakati rufaa bado haijasikilizwa.

Sasa ukiangalia kesi hii peke yake utadhani ni kamishna mmoja mwenye roho nyepesi. Haikuwa hivyo. Viongozi wengine walikuwa wameshaona njia. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, New York Times peke yake ilikuwa na kesi 11 kutoka kwa viongozi wa Alabama, zikidai jumla ya dola 5,600,000. Televisheni ya CBS nayo ilikuwa na zake 5, za dola 1,700,000. Mawakili wa gazeti waliwaambia waandishi wao wakae mbali na Alabama wasije wakakabidhiwa hati za mahakama. Yaani mahali ambapo watu walikuwa wanapigwa na mbwa wanaachiliwa, mwandishi wa gazeti kubwa kabisa nchini aliogopa kukanyaga. Hiyo ndiyo kazi hasa iliyokuwa inafanywa na zile kesi.

Tarehe 9 Machi 1964 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikuwa upande mmoja: hukumu ya Alabama ikafutwa. Walisema kiongozi wa umma anayetaka fidia kwa habari inayohusu kazi yake ya umma lazima athibitishe kwamba aliyeiandika alijua ni uongo, au hakujali kabisa kama ni uongo. Kosa la bahati mbaya, kama la wimbo na idadi ya kukamatwa, halitoshi kumfilisi mtu. Wakaongeza la pili ambalo watu wengi hulisahau: kuisema vibaya ofisi ya umma si sawa na kumsema mtu anayeiongoza. Ukisema polisi wamekosea, mkubwa wa polisi hawezi kusimama na kudai kwamba jina ni lake.

Nairobi, 2000: duka la vitabu nalo lina kesi

Mambo haya hayakubaki Marekani, na siyo kila mahali yaliisha kwa furaha. Desemba 2000 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba waziri mmoja mzito wa enzi zile alipwe shilingi milioni 30 za Kenya kwa yaliyoandikwa kumhusu kwenye kitabu kilichochapwa Uingereza. Hakuwashtaki waandishi pekee. Maduka ya vitabu ya Nairobi yaliyokuwa yanakiuza nayo yaliingizwa kwenye kesi.

Mwenye duka hakuandika neno hata moja. Alipanga kitabu kwenye shubaka tu. Kwa lugha ya leo, yeye alishea.

Woga ule ulikaa. Mwaka 2009 kitabu cha Michela Wrong, It's Our Turn to Eat, kilitoka kikieleza habari za John Githongo na ufisadi uliotikisa serikali. Wakenya walikitaka mno. Maduka mengi ya Nairobi hayakuthubutu kukiweka mbele ya wateja. Kikawa kinauzwa mkono kwa mkono, kama bidhaa ya magendo, huku hakuna mahakama iliyokipiga marufuku. Hakuna aliyehitaji kukipiga marufuku. Kumbukumbu ya kesi za nyuma ilitosha.

Intaneti ikaja, mkwara ukapata dosari

Mwaka 2003 staa wa muziki na filamu Barbra Streisand alimshtaki mpiga picha aliyekuwa anapiga picha za pwani ya California kwa ajili ya kumbukumbu za mmomonyoko wa ardhi. Katika maelfu ya picha hizo, moja ilionyesha nyumba yake. Alidai dola milioni 50. Kabla ya kesi, picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6, na mbili kati ya hizo walikuwa mawakili wake mwenyewe. Habari ya kesi ilipotoka, watu zaidi ya laki 4 waliitembelea tovuti ile ndani ya mwezi mmoja. Kesi akashindwa. Mpaka leo, kitendo cha kuzima jambo mpaka likatrendi kinaitwa kwa jina lake.

Wengi walidhani hapo mchezo umeisha. Nani tena atathubutu kutishia wakati skrinshoti zinatembea haraka kuliko barua? Lakini wenye madaraka nao walijifunza. Kama huwezi kuzima habari, unaweza kumchosha mtu mmoja mmoja.

Singapore, Novemba 2018: mwanablogu mmoja, mshauri wa masuala ya fedha, alishea Facebook kiungo cha habari kutoka tovuti ya Malaysia iliyomgusa Waziri Mkuu. Hakuandika maoni yoyote. Alipotakiwa na mamlaka, aliliondoa baada ya siku 3. Akashtakiwa hivyo hivyo. Machi 2021 mahakama ilimwamuru alipe dola 133,000 za Singapore. Mahakama ilikuta kwamba habari yenyewe haikuwa ya kweli, na hilo ni la haki kulisema. Lakini tovuti nyingi na watu wengi walikuwa wameisambaza, na mzigo ukamwangukia yeye. Aliomba msaada kwa umma, na wananchi wakachanga kidogo kidogo mpaka deni likaisha.

Malta, Februari 2017: waziri wa uchumi, pamoja na msaidizi wake, walimshtaki mwandishi Daphne Caruana Galizia kwa yale aliyoyaandika kwenye blogu yake. Kabla kesi haijasikilizwa, waliomba na kupata amri ya kuzuia pesa zake benki, zaidi ya euro 47,000. Fikiria: hukumu haijatoka, tayari akaunti imefungwa. Wasomaji wakaingia kazini, wakachangisha kiasi kilichozidi hicho ndani ya siku chache.

Tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo Daphne aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake. Kesi zile za madai ni jambo moja na mauaji ni jambo jingine, na hayafai kuchanganywa. Kinachojulikana ni kwamba siku anakufa alikuwa na kesi zaidi ya 40 za kuchafua majina ya watu, na nyingi hazikufa naye. Ziligeuzwa kuwa za mume na watoto wake.

Umoja wa Ulaya uliposhtuka, ulipitisha mwaka 2024 sheria ambayo wengi wanaiita Sheria ya Daphne. Kwa kesi zinazovuka mipaka ya nchi moja, inampa jaji uwezo wa kuitupa mapema kesi isiyo na msingi iliyofunguliwa ili kumnyamazisha mtu, na kumbebesha gharama aliyeifungua.

Huku nyumbani: kutoka jela mpaka fidia

Afrika nayo ina ukurasa wake, na sehemu kubwa yake imeandikwa Arusha. Mwaka 2012 mhariri wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, alifungwa miezi 12 baada ya gazeti lake kumtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Gazeti likafungiwa miezi 6. Alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha. Tarehe 5 Desemba 2014 mahakama hiyo ilisema wazi kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kuchafua jina kunavunja uhuru wa kujieleza.

Miaka miwili na ushei baadaye, Februari 2017, Mahakama Kuu ya Kenya ilikifuta kifungu kilichofanya kuchafua jina kuwa kosa la jinai. Waliokuwa wameshtakiwa hawakuwa wahariri wakubwa. Walikuwa watu wa kawaida walioingia matatani kwa posti za Facebook.

Mwezi Machi 2019, Arusha tena, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwemo vya kuchafua jina, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kesi hiyo ilifunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na watetezi wa haki za binadamu. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia sheria hiyo marekebisho, na kuchafua jina kukaondolewa kwenye jinai.

Ni hatua, tena kubwa. Ila usilale. Mlango wa jela ukibanwa, unabaki mlango wa fidia, na huo hauhitaji polisi. Unahitaji barua yenye nembo ya ofisi ya mawakili na namba yenye sifuri nyingi.

Je, waheshimiwa hawana haki?

Wanayo, na hapa ndipo ubishi wa mitandaoni huwa unaharibika. Mbunge au waziri ni mtu. Ana watoto wanaosoma shule na kusikia baba yao anaitwa mwizi. Akizushiwa uongo, mahakama ni mahali pake sahihi, pazuri kuliko kutuma watu au kuomba ukurasa ufungiwe. Uhuru wa habari haukuwahi kuwa leseni ya kupika ubuyu.

Na lile la "jina kapuni" nalo si ngao kama watu wanavyodhani. Katika sheria tulizorithi kwa Waingereza, mtu hahitaji kutajwa jina ili ashinde kesi. Inatosha kwamba msomaji wa kawaida, kwa maelezo yaliyowekwa, atajua ni nani. Ukiandika "waziri mmoja mrefu, aliyeoa mwaka jana, mwenye gari la rangi ile", umeshamtaja, umebakiza kumpigia simu tu. Kuficha jina huku ukiacha mkia nje ni kujidanganya. Tena kunaweza kuwaumiza wasiohusika, kwa sababu kila anayefanana na maelezo hayo anaanza kusemwa.

Kwa hiyo kinachotetewa hapa ni haki ya kusema jambo la kweli, au lililochunguzwa kwa uaminifu, kuhusu watu wanaoshika pesa na madaraka ya umma. Haki hiyo inahitaji kazi. Nyaraka zihifadhiwe. Mhusika apigiwe simu kabla ya kuposti, na jibu lake liwekwe, hata kama jibu ni kukata simu. Kosa likionekana lisahihishwe siku hiyo hiyo, siyo kufutwa kimya kimya kama hakuna kilichotokea. Zenger aliokolewa na swali la ukweli. Kesi ya kamishna wa Montgomery ilianguka kwa sababu makosa yale hayakuwa uongo wa kukusudia. Ukurasa unaopika habari hautapata kinga kwenye historia hiyo.

Na upande wa wasomaji upo pia. Kule Singapore na Malta, watu waliochanga hawakuwa matajiri. Walikuwa wasomaji walioelewa kwamba mtu akifilisiwa kwa kuwaandikia habari, kesho hakuna atakayewaandikia. Kijana anayesoma bure kila siku, anayeshea na kucheka, naye ni sehemu ya ukuta.

Barua ikija basi, swali la kwanza liwe moja: kilichoandikwa ni kweli? Kama si kweli, rekebisha leo, kwa herufi kubwa zile zile zilizotumika kwenye habari ya kwanza. Kama ni kweli na ushahidi upo, tafuta wakili na chapisho libaki pale lilipo. Aliyelia gizani aje mwenyewe mbele ya jaji, aeleze jiwe lilimpataje.